Paka Aliyekwama Juu ya Mnazi wa Chengo

— Niteremshe?
— Teremsha!
— Niteremshe polepole au niteremshe kwa kishindo?
— Upendavyo, mradi tusiwe chini yake!
— Basi sogeeni kando, mnisikilize.

Palikuwa na mgema, jina lake Chengo. Kazi yake ilikuwa kupanda minazi, kukata ncha za makarara, yale maua ya mnazi yasiyofunguka, kwa kotama, yaani kile kisu cha wagema, na kukinga tembo, pombe ya mnazi, kwa vibuyu. Katika nchi yake palikuwa na desturi moja iliyoshikwa na kila mtu, mkubwa kwa mdogo. Mpandaji hakuangusha kitu chochote, hata kuti kavu, kabla ya kuita mara tatu: “Lijalo!” Aliyekuwa chini aliitika: “Lipite!” Akiitika, mpandaji hungoja mpaka asogee. Asipoitika, kitu huachiwa. Kikimpata, damu yake haina mdai.

Hebu tujaribu. Lijalo!
— Lipite!
Vizuri. Sasa mwitike. Baadaye nitawakataza, na nitakapowakataza mnisikie.

Chengo alikuwa na mke, Bi Mbodze. Watoto hawakujaliwa. Walikuwa na paka mmoja mweupe mwenye sikio jeusi, na kwa kuwa Chengo alishinda minazini na mkewe akashinda peke yake, Bi Mbodze alimpa paka yule jina la Tusemezane. Asubuhi alimwambia, “Tusemezane, leo tupike nini?” Paka akajibu, “Nyau.” Jioni alimwambia, “Tusemezane, mbona huyu bwana amechelewa?” Paka akajibu, “Nyau.” Mazungumzo hayakuwa marefu, lakini yalitosha.

Siku moja Chengo alikuwa juu ya mnazi wake mrefu, ule ulio mbele ya nyumba, wenye vidato thelathini na kimoja alivyovichonga mwenyewe kwenye shina. Akashika kuti kavu. Akaita, “Lijalo!”
— Lipite!
Naam, ndivyo alivyosikia. Sauti nzito, ya kistaarabu, ilitoka chini ya mnazi: “Lipite!” Chengo akafurahi, akadhani amepata jirani wa kuzungumza naye. Akaichomeka kotama yake penye kilele. Akaacha kibuyu kimoja juu, akashuka na kimoja, kwa kuwa mgeni alistahili kushukiwa kwa kinywaji, si kwa kisu. Kidato cha thelathini na moja, cha thelathini, cha ishirini na tisa. Alipofika cha kwanza, akageuka kumpa mgeni mkono.

Mgeni alikuwa Fisi.

Bi Mbodze aliporudi kutoka kisimani alikuta kandambili mbili na kibuyu kilichopasuka. Hakupata cha kuzika. Wagema wengine wakasikia, wakaogopa, wakahama mmoja mmoja. Nyumba ikabaki ya peke yake. Mnazi haukupandwa tena. Nazi zake zikakomaa, zikakauka, zikaning’inia.

Siku arobaini zikapita. Siku ya arobaini na moja, asubuhi, Fisi akarudi.

Tusemezane alikuwa uani akiota jua. Alimwona Fisi akiwa kati yake na mlango, akafanya jambo ambalo paka yeyote angelifanya: akapanda mnazi. Kwaru, kwaru, kwaru! Kidato kwa kidato, mpaka kileleni. Huko juu akageuka, akatazama chini, akagundua kwamba kucha za paka zimepinda kwa ajili ya kupanda tu. Kila alipojaribu kushuka kichwa mbele, kucha ziliteleza. Akajikunja katikati ya makuti. Akalia, “Nyauuu!”

Bi Mbodze akafunga mlango, akaukaza kwa mchi wa kinu. Mlango ulikuwa wa mti mgumu. Fisi aliunusa, akaukwaruza mara moja, akaridhika kwamba hautavunjika. Akaenda kuketi chini ya mnazi.

“Bi Mbodze,” alisema kwa upole, “shikamoo mama.”

Bi Mbodze akaukaza mchi zaidi.

“Usijisumbue kufungua, sina haraka. Nakueleza mpango tu, usije ukasema sikukueleza. Paka ataona njaa. Akiona njaa atalegea. Akilegea ataanguka. Akianguka atalia. Akilia utafungua mlango. Ukifungua mlango, tutakuwa tumemaliza.”

Akajinyoosha, akaweka kidevu juu ya miguu ya mbele. Tii.

Na Bi Mbodze, nyuma ya mlango, alijua kwamba Fisi amesema kweli. Paka akilia chini, atafungua.

Siku ya kwanza akapita Tumbili. Bi Mbodze alimwona kupitia ufa wa dirisha, akamwita, “Mwanangu, we Tumbili! Wewe unajua kupanda. Niteremshie paka wangu!” Tumbili alikuwa na moyo mwema. Aliruka juu ya Fisi, akashika shina, akapanda. Kidato cha kwanza, cha pili, cha tatu. Alipofika cha tisa, Fisi alisema, “Hongera, kijana. Lakini upande huo shina limeoza, marehemu Chengo alikuwa akilikwepa. Shuka kidogo nikuoneshe pa kushika.” Tumbili akasema, “Asante, mzee,” akashuka kidogo.

Mkia wake tu ndio uliobaki pale.

Siku ya pili akapita Kunguru. Bi Mbodze akamwita, “Ewe Kunguru, wewe una mabawa, huna haja ya kushuka kwa mtu! Mfikie paka wangu, mpelekee hata tone la maji!” Kunguru akaruka, akatua juu ya kuti, akamtazama paka kwa jicho moja, kisha kwa jicho la pili.

“Pole sana,” alimwambia paka.

“Asante,” paka alisema.

“Unaonekana umechoka.”

“Nimechoka.”

“Hivi ukianguka,” Kunguru aliuliza, “huyu bwana wa chini huwa anakula na macho, au huyaacha?”

Paka alilia. Kunguru akasema, “Nimeuliza tu, kwani kuuliza ni kosa?” akaenda zake.

Siku ya tatu, kabla ya adhuhuri, maji ya Bi Mbodze yalikuwa yamebaki kata moja, kifuu kimoja cha kuchotea, ndani ya mtungi. Sauti ya paka ilikuwa imekwisha. Alifungua kinywa, kikatoka kitu kama mlango mbovu: “Nya.” Fisi alinyanyua kichwa, akahesabu kwa masikio yake mwanya kati ya mlio na mlio, akatabasamu.

Sasa, juu ya mnazi wa tatu kutoka pale alikuwa amelala Komba.

Komba mnamjua. Ni mnyama mdogo mwenye macho makubwa, na sifa yake katika nchi ile ilikuwa mbaya. Alipanda minazi ya watu, akanywa tembo vibuyuni, akalewa, akalia kama mtoto mchanga. Wagema walimrushia mawe. Wake wa wagema walimrushia vijinga vya moto. Huyu hakuwa hata wa huko. Alikuwa amekuja kutoka mashamba ya mbali kwa kufuata harufu ya kile kibuyu alichokiacha Chengo. Alikuwa amechoka na safari, kwa hiyo alijilaza kwanza. Ule mlio wa mlango mbovu ukamwamsha.

“Nani huyo anayekwangua kichwa changu?” alisema. Akaruka kutoka kilele hadi kilele. Pwa! Pwa! Akatua mbele ya paka.

Hakumtazama paka. Alikitazama kibuyu. Akakishika kwa mikono miwili, akakinywea, akatema. “Puu! Siki!”

“Kina siku arobaini na tatu,” paka alisema kwa sauti iliyokauka. “Mwenyewe aliliwa.”

“Na nani?”

Paka alitazama chini. Komba naye akachungulia. Akamwona Fisi. Akauona mkia wa Tumbili. Akauona mlango uliofungwa, na kwenye ufa wa dirisha akaona jicho la mtu.

“Na yule mle ndani?”

“Ni mama yangu.”

Komba akajifuta siki mdomoni. Kisha akaanza kupekua kilele chote kwa utaratibu, kama mtu anayehamia nyumba mpya. Akaona kotama imechomekwa, ina kutu lakini ina makali. Akaona kole zima la nazi kavu, nazi kumi na moja, linaning’inia kwenye kikonyo kimoja. Akapima kwa jicho kutoka kwenye kole hadi ardhini. Kole lilikuwa upande wa mashariki. Fisi alikuwa amelala upande wa magharibi, kivulini.

“Unaweza kusukuma?” alimnong’oneza paka.

“Sina nguvu.”

“Sikuuliza una nguvu. Nimeuliza unaweza kusukuma?”

“Naweza.”

“Basi ngoja nikwambie lini.”

Komba akatoa kichwa katikati ya makuti. “Mjomba! Shikamoo mjomba!”

Fisi akafumbua jicho. “Marahaba, mpwa wangu. Wewe nani?”

“Komba.”

“Mlevi?”

“Ndiye mimi. Mjomba, nimekuja kulala huku juu, na kiumbe hiki kinalia. Kichwa kinanipasuka. Una ubaya nikikisukuma?”

Fisi akafumbua jicho la pili. “Sina ubaya hata kidogo. Sukuma, baba.”

“Ningeshasukuma. Ila nina wasiwasi juu yako.”

“Juu yangu?”

“Paka huangukia miguu, mjomba. Akishika ardhi kwa miguu, hatua nne yuko mlangoni. Mlango utafunguka kiasi cha paka, atapenya, utafungwa. Wewe utabaki na mnazi.”

Fisi akafikiri. Jambo hilo lilikuwa kweli, naye hakuwa amelifikiria. “Sasa nifanyeje?”

“Asiiguse ardhi. Lala chali, ufungue kinywa, umpokee.”

Fisi akalala chali, akafungua kinywa. Komba akachungulia. “Hapo sipo, mjomba. Sogea mashariki.” Fisi akajiburura. Buru, buru. “Zaidi.” Buru, buru. “Umepita. Rudi nusu hatua.” Buru. “Kichwa kidogo kushoto. Kushoto kwako, si kushoto kwangu. Hapo hapo!”

“Jua linanipiga machoni,” Fisi alisema.

“Fumba macho. Kinachohitajika ni kinywa.”

Fisi akafumba macho. Kisha akayafumbua tena, maana hakuwa mjinga. “Mpwa wangu, nitajuaje kwamba anakuja? Nisije nikawa nimepumzisha taya.”

“Mjomba, mimi ni mlevi, si mshenzi. Nitaita mwito wa wagema mara tatu, kisha ndipo niachie. Ukitaka kuitika, itika, hiyo ni haki yako. Ila ukiitika, mimi siachii chochote. Sitavunja desturi ya watu.”

“Nikiitika itabidi nifunge kinywa.”

“Lazima.”

“Na nisogee.”

“Ndivyo desturi isemavyo.”

“Basi siitiki,” Fisi alisema. Akafumba macho, akafungua kinywa mpaka mwisho wake. Ndani mlikuwa mwekundu, na mlikuwa mrefu.

Komba alishika kotama kwa mikono miwili. Ilikuwa ndefu kuliko yeye. Akaanza kukata kikonyo. Kere, kere, kere.

“Nini hiyo?” Fisi aliuliza bila kufunga kinywa, kwa hiyo ilisikika, “Ini iyo?”

“Ni meno ya paka, mjomba. Yanagongana kwa woga.”

“Aaa,” Fisi alisema, kwa furaha.

Kere, kere, kere. Mikono ya Komba ikatoka malengelenge. Kikonyo kilibaki na nyuzi chache. Komba akampa paka ishara, na Tusemezane, ambaye hakuwa amekula kwa siku tatu, akaweka mgongo wake kwenye shina la kuti na miguu yake minne kwenye kole.

Ndipo Komba alipoita.

Na sasa nawakataza. Nyamazeni, nyote. Asiniitikie mtu.

“Lijalo!”

…

Ndani ya nyumba Bi Mbodze alisikia. Hakuwa ameusikia mwito ule kwa siku arobaini na tatu. Miaka ishirini na sita alikuwa akiuitikia, akiwa anatwanga, akiwa anafagia, akiwa usingizini. Ulimi wake ulikuwa umeshanyanyuka wenyewe. Naye alijua, kama mlivyojua ninyi, kwamba sauti yoyote ikiitika kutoka chini, mpandaji ataizuia mikono yake, na Fisi atashtuka, na kazi itakuwa imeharibika. Alijua pia maana ya kunyamaza. Hakuwahi kumnyamazia mtu chini ya mnazi.

Akashika upindo wa kanga yake, akautia mdomoni, akauma.

“Lijalo!”

…

Fisi hakuitika. Mate yalimtiririka mpaka masikioni. Akalipanua taya kidogo zaidi.

“Lijalo!”

…

“Sukuma,” Komba alisema.

Vuuuuu! Gubu!

Halafu nazi moja moja zikabingirika uani. Gulu, gulu, gulu. Moja ikagonga mlango wa Bi Mbodze, ikatulia.

Fisi hakufa papo hapo. Taya lilikuwa limekwenda upande mmoja na kichwa upande mwingine, lakini jicho moja lilibaki likitazama juu, na maneno yakatoka kwa shida, moja baada ya jingine.

“Mpwa wangu. Mbona. Hukuniambia?”

“Nimekuita mara tatu, mjomba.”

“Nilikuwa. Nimefungua. Kinywa.”

“Nilikuona, mjomba.”

Jicho likabaki wazi, lakini halikutazama tena. Damu yake ililowesha mchanga palepale Chengo alipogeuka kutoa mkono, na kwa mujibu wa desturi haikuwa na mdai.

Lakini kazi ilikuwa haijakwisha, kwa sababu paka alikuwa bado juu. Komba akamwambia, “Paka hushuka kinyumenyume. Hakuna aliyekufundisha?”

“Hakuna.”

“Geuka. Mkia kwanza. Mimi natangulia, nitakuwekea miguu.” Akashuka kidogo, akashika mguu wa nyuma wa kulia wa paka, akauweka kwenye kidato cha thelathini na moja. Akashika wa kushoto, akauweka. “Achia wa mbele. Shusha.” Kidato cha thelathini. “Achia. Shusha.” Kidato cha ishirini na tisa. Walishuka hivyo, mguu baada ya mguu, juu ya vidato alivyovichonga marehemu.

Kwenye kidato cha kumi na nne paka akasimama. Aligeuza shingo, akamtazama Komba aliye chini yake: mnene kiasi, mwenye shingo laini, mwenye ukubwa wa panya wawili. Ncha ya ulimi wa paka ikatoka, ikarudi.

“Nakuona,” Komba alisema.

“Ni njaa tu.”

“Najua. Shusha mguu.”

Paka alifikiri kwa muda mrefu kuliko inavyopendeza kusimulia. Kisha akashusha mguu.

Alipogusa ardhi hakutembea, alilala. Akafungua kinywa, akasema, “Nya.” Mchi ukaanguka ndani ya nyumba, kii! na mlango ukafunguka, kama Fisi alivyokuwa amesema utafunguka. Bi Mbodze akatoka akiwa na ile kata ya mwisho ya maji, akapiga magoti, akamnywesha paka kwanza, yeye akalamba kilichobaki. “Tusemezane,” alisema, “Tusemezane wangu, tuseme nini?” Paka akamlamba kidole.

Ndipo Bi Mbodze aliponyanyua macho, akamwona Komba amerudi kwenye kidato cha pili, ameinamisha kichwa, akingoja kitu. Akataka kumshukuru. Akanyanyua mkono wake wa kulia, ambao bado ulikuwa umeshika ile kata.

Lakini Komba tangu azaliwe hakuwahi kuona mkono wa mke wa mgema ukinyanyuka isipokuwa kumrushia kitu. Akaruka. Pwa! Vidato vilivyobaki akavipita kama havipo. Pwa! Mnazi wa pili. Pwa! Wa tatu. Akaenda moja kwa moja, akilia kama mtoto mchanga, na viganja vyake vimechubuka.

“Mwanangu, ngoja!” Bi Mbodze aliita. “Rudi! Hata jina lako silijui!”

Hakurudi.

Siku ya pili yake Kunguru akaja, akaanza na macho. Siku ya tatu majirani wakarejea, wakamkuta Fisi amekufa, wakapongezana kwa uvumilivu wao. Walipoanza kugema upya walimwona Bi Mbodze akining’iniza kibuyu kimoja cha tembo jipya kwenye kidato cha pili cha mnazi wa Chengo kila alasiri, wakamwuliza ni cha nani. Akasema ni cha mgeni. Wakamwambia, “Mama, angalia, huku kuna makomba, wezi hao. Ukiwaona warushie mawe.” Akasema amesikia. Na paka mweupe mwenye sikio jeusi aliketi chini ya kibuyu kile kila siku, akitazama juu, na mimi sitawaambia kama alikuwa akingoja kushukuru au akikumbuka ile shingo laini, kwa sababu yeye mwenyewe hakuwahi kumwambia mtu zaidi ya “Nyau.”

Basi enyi watoto, mafunzo ya ngano hii ni matatu, nayo yashikeni kwa mpangilio wake. La kwanza, mkubwa akikuita, itika upesi: Fisi hakuitika, na mmeona. La pili, ulevi ni mbaya na walevi hawana faida. La tatu, mgeni akikusalimu kwa adabu, shuka umpe mkono.

Nimeteremsha yote, juu hakuna kilichobaki. Aliyekuwa chini asinidai. Lijalo!

…

Haya, sasa mnaweza kuitika.
— Lipite!